Leodgar Hayumo kwenye Kompyuta

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeanza kompyuta leo. Kamati ya harusi ya Winfrida, binti wa marehemu dada yangu, ilitafuta mtu wa kushika majina ya wageni. Nikasema mimi hapa, niachieni. Mtu niliyefungua injini ya boti katikati ya ziwa kwa kijiko cha chai na ikawaka, nitashindwa na kitu cha kupakata?

Mwalimu ni Joanitha, mdogo wake Winfrida, anasoma mambo hayo chuoni. Unaandika wageni, alama ya sawasawa, halafu majina yote ndani ya mabano ya mraba. Hiyo ndiyo orodha. Rahisi!

Si rahisi. Nimesahau koma moja tu, Esther na Nassib wakagandana wakawa mtu mmoja. Halafu eti wa kwanza kwenye orodha ni namba sifuri. Sifuri! Wa kwanza ni shangazi yao Scola — nani ataenda kumwambia yeye ni sifuri? Joanitha kacheka mpaka chai ikampalia.

Jumatano, 6 Agosti

Macho yanauma. Kikao kwa Scola, Buzebazeba. Nikawa nawasimulia yule kuhe niliyemvua Kibirizi, samaki mrefu kuliko mlango. Watu wametulia kabisa. Ndipo Leodgar akafungua mdomo. Huyu ni baba mkubwa wa Winfrida, ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki, na ndiye atakayemtoa harusini Jumamosi ya tarehe 16. Kaja na boti kutoka Kagunga kuhudhuria kikao. Akasema taratibu tu kwamba siku ile alikuwemo kwenye mtumbwi, na kuhe mwenyewe alikuwa mfupi kuliko kandambili ya mtoto.

Kikao kizima kikaangua kicheko. Hata Scola! Nikacheka nao. Lakini moyoni —

Alhamisi, 7 Agosti

Leodgar karudi kwake na boti ya asubuhi. Aende.

Nimejifungia na kompyuta. Nimetengeneza orodha ya pili, ya kwangu, ya kujifurahisha tu. Nikaandika wangu ni sawasawa na wageni, majina yote yakaja. Mstari mmoja, bila kuchapa upya! Halafu amri ya kufuta: wangu, nukta, remove, Leodgar. Huyoo, katoka. Raha niliyoipata! Ile orodha ya kweli sikuigusa. Mimi si mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Joanitha kabonyeza, meseji za mwaliko zimekwenda. Kabla hajabonyeza aliuliza mbona idadi imepungua mmoja. Nikamwambia si wewe uliyesema inaanzia sifuri? Akaniangalia. Alitaka kusema neno, bodaboda wake akapiga honi nje, akabonyeza akakimbia.

Nimepita mtaani kwetu Gungu yote kuwaambia watu kazi ile nimeifanya peke yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa.

Scola kapiga simu. Leodgar hajapata meseji. Jirani zake wamepata, hadi Mwinshehe mwenye duka. Leodgar kasema haendi asikoitwa, kisha kazima simu. Na wakwe wa Mwandiga wameshatamka: bila baba mkubwa kumtoa, hawampokei bibi harusi kutoka mikononi mwa kamati.

Nikasema kompyuta imekosea. Joanitha akaifungua, akasoma mistari yangu mmoja mmoja, Winfrida kasimama nyuma yake. Alipofika kwenye ule wa kufuta akaweka kidole kwenye jina la Leodgar. Nikamweleza kwamba pale nilifuta kwenye kopi. Akasema haikuwa kopi. Ile alama ya sawasawa haitengenezi orodha ya pili, inaipa ileile jina la pili.

"Mjomba, wewe kanisani ni Kasiani, mtaani ni Fundi. Akichapwa Fundi, Kasiani anabaki mzima?"

Kopi ina amri yake. Sasa hilo si angeniambia siku ya kwanza! Kompyuta gani hii, mtu huwezi hata kukasirika kidogo pembeni.

Winfrida hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza moja tu. "Mjomba, ulitaka asije?"

Nikaanza kumweleza mambo ya koma.

Alhamisi, 14 Agosti

Boti ya Kagunga. Mawimbi, nimelowa mpaka soksi. Abiria wameuliza nafuata nini huko. Nimesema naenda kumtengenezea mtu mashine.

Leodgar nimemkuta mlangoni. Nikamsalimia kwa Kiha, mwakeye. Akaingia ndani, akafunga mlango. Nimelala kwa Mwinshehe.

Ijumaa, 15 Agosti

Kagunga, ufukweni. Harusi kesho.

Asubuhi nimemweleza yote: sawasawa, jina la pili, kopi ambayo si kopi. Alisikiliza huku anageuza dagaa mchangani. Nilipomaliza akasema, "Shemeji, umetoka kwenye kuhe, sasa umekuja na kompyuta." Wanawake wa dagaa wakaangusha mafagio kwa kicheko.

Halafu kasema atakuja. Shati lake limepigwa pasi tangu Jumapili. Tangu Jumapili! Ila kwanza, hapa mbele ya watu, nimwonyeshe kwa mikono yule kuhe alikuwa na urefu gani. Ameingia kuoga. Akitoka anataka kuona.

Boti inaondoka saa nane. Wanajaza mafuta. Mwinshehe kavuta kigoda, wanawake wamekaa, wote wananitazama mikono. Nimefanya mazoezi: nimeinyoosha yote miwili. Mwinshehe akatikisa kichwa. Nimepunguza. Akatikisa tena. Mtu huwezi kuandika na mikono imenyooka — naandika, naweka kalamu, napima, naandika. Sasa ni mkono mmoja tu, kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Bado anatikisa. Kiwiko! Kuhe gani anaishia kwenye kiwiko?

Injini imewaka. Mlango umefunguliwa, Leodgar huyo, shati jeupe, begi mkononi. Amesimama hapo mbele yangu. Anatazama mikono, na mimi nimeshika kalamu — ngoja niiweke chini, nimwonyeshe kandambili ya mtoto.