Baba Hali Mayai Bila Neno Lako

Bunia, Bigo

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na nyumba nzima ya Niania. Mguu wako je, umepona? Mimi ni mzima, cherehani inanipa kazi, ila kichwa kimenivurugika. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu Baba anasikia kila kitu.

Tangu nimpokee hapa kwa matibabu ya ini, tumbo lake linazidi kujaa na mikono inazidi kukonda. Sikuelewa. Mtu ananenepa na kukonda kwa wakati mmoja? Jumatatu alishindwa kuinuka kwenye kiti. Nikamshika kwapani, na Mama, alikuwa mwepesi kama gunia tupu. Nililia mbele yake.

Juzi tulirudi hospitali. Muuguzi alimpima mkono kwa utepe, kama ninavyowapima wateja wangu, akauliza anakula nini. Nikajibu kwa majivuno: ndizi za kuchemsha na miwa, hakuna nyama, hakuna yai, hakuna maharage, chumvi kidogo tu, kama ulivyonifundisha ili ini lipumzike. Nilidhani atanisifu.

Akashika kichwa. "Nani aliwaambia vile? Ile tumbo ni maji. Nyama ya mikono ndiyo iko inaisha, mwili inakula misuli yake. Muzee anapashwa kula mayai, maharagi, samaki, na kitu kidogo mbele ya kulala."

Akatupatia na unga wa maziwa wa kujenga mwili, wa kukorogea kwenye uji. Lakini chumvi, akasema, aliyeipunguza alifanya vizuri. Sasa nimebaki katikati, Mama. Jambo moja ulipatia, jingine ulikosea, na yote uliyafanya kwa mapenzi. Hata mimi nilimchemshia yai la kwanza nikiogopa macho yake yatazidi kuwa manjano.

Hakulila. Unga nao hataki. "Ile ni ya batoto ba bwaki," anasema, eti yeye si mtoto wa utapiamlo. "Na mayai, mama yako alikataza. Nilimuahidi mbele ya kutoka kule. Aseme yeye."

Daktari, muuguzi na mimi, sote si kitu mbele ya neno lako. Leo asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya shati lake.

Mama, sikulaumu. Sijui hata nimepata wapi ujasiri wa kukuambia haya. Nakuomba umpigie wewe mwenyewe, umwambie ale. Na kama mimi ndiye ninayekosea, nieleze, maana sijui tena nimsikilize nani.

Nisalimie Shangazi anayekusaidia shambani, na kaka yangu mkubwa. Dereva aliyekuletea barua hii ni mume wa jirani yangu, mpe chai.

Baba ameniona ninaandika, akauliza ni ya nani. Nimemwambia. Akasema: "Andikia mama yako kwamba niko na njaa."

Binti yako,
Mave