Tuliambiwa Tusisogee

Kisaju, Kajiado
9 Machi 2026

Mpendwa Kaka Oyoo,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Doha, na joto limeanza kukuchoma? Sisi tu wazima. Goti la Mama limepata nafuu, na bado anauliza kama umenenepa.

Mvua haijafika Isinya. Ng'ombe wamekonda, na wafugaji wanategemea picha za setilaiti yetu ndogo kujua nyasi zimebaki wapi. Kazi yangu, ile unayoiita kuchungulia mbingu, ni kukagua njia yake nione kama kuna nyingine itakayoigonga.

Alhamisi nikaiona. Setilaiti kubwa ya kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inakuja kukatiza njia yetu. Nikawaandikia wenyewe, wakajibu upesi: sisi tutapisha, ninyi msisogee. Wana haki, maana zote mbili zikisogea zinaweza kukimbilia upande mmoja na kugongana huko. Tena gesi yetu ya kuisogeza ni kidogo. Tukiitumia, setilaiti itashindwa kushika njia yake na picha zitaisha kabla ya mvua.

"Zamu ni yako, Elsie," mkubwa wangu Koinet akaniambia. "Wewe ndio utasema."

"Tukae hivyo," nikasema.

Kaka, kukaa bila kufanya kitu kulinitesa kuliko kazi yoyote. Saa ya kupishana ilinikuta nimekodolea kioo cha kompyuta. Ikapita, na hatukujua lolote, kwa sababu lazima ungoje setilaiti izunguke dunia irudi juu yetu ndipo uisikie. Chai ya Koinet ilipoa mezani. Kila aliyenisemesha nilimkaripia.

Ikarudi! Ikaita kama kawaida. Nililia, na sioni haya kukuambia. Jana Mama akanisimamisha kanisani nipigiwe makofi.

Leo asubuhi wale jamaa wameandika kuomba radhi. Amri waliyoituma haikufika. Setilaiti yao haikusogea hata kidogo.

Mama sijamwambia. Nimeshinda na ujumbe wao mbele yangu, nikijua kwamba Alhamisi hakuna aliyetupisha. Naogopa, Kaka. Kesho niko zamu tena, na kampuni nyingine imeshaniandikia kwamba itapisha, nisisogee.

Msalimie sana wifi Ajwang, na umbusu Cindy mdogo kwa niaba yangu. Mungu awafunike huko mliko.

Dada yako akupendaye,
Elsie