Bendi ya Binti Yangu Inarudi kwa Uongo Wangu

Mpendwa mshauri, salamu, na pole kwa kazi ya kusoma matatizo ya watu. Naomba unisaidie, na kama inawezekana unijibu upesi, maana Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa nne asubuhi watu wawili wanakutana nyumbani kwangu na kila mmoja anaamini mwenzake ameshaomba radhi, na hakuna aliyeomba, maneno yote niliyatunga mimi.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la nne, nikichanganya mambo nivumilie. Nina binti mmoja, mpiga ngoma wa bendi ya muziki wa roki inayoitwa Kutu. Wako watatu, yeye, na mpiga besi, mtu mpole asiyependa maneno, na mwimbaji ambaye tunamwita Mluzi kwa sababu tangu akiwa mdogo hawezi kupita mlangoni kwangu bila kupiga mluzi. Walianzia chumba changu cha kushonea, kati yake na jikoni kuna pazia tu, mimi nashona na wao wanapiga, mkasi unatembea wenyewe mezani kwa mtikisiko. Siku moja nikasimamisha cherehani nisiwasumbue, binti yangu akasema, "Mama, usiache, nilikuwa nakufuata wewe." Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

Basi bendi hiyo, mshauri, haijawahi kutulia. Albamu ya kwanza ilipigwa redioni mpaka majirani waliokuwa wakigonga ukuta wakaanza kunisalimia kwa heshima, halafu wakagombana nani alitunga nini, wakavunjika, baada ya miezi mitatu wakarudiana. Albamu ya pili Mluzi akataka waweke kinanda, binti yangu akasema kinanda kikae kwenye harusi, wakarekodi nusu hivi nusu vile, watu hawakuelewa, mashabiki wakapungua. Wakaenda kupiga miji sita, wakaondoka na gari moja wakarudi na magari matatu, kila mtu na lake kwa ugomvi. Kila wakivunjika binti yangu anarudi na ngoma zake nazipanga juu ya magunia ya vitambaa, kila wakirudiana nazipangusa vumbi, nikawa sijui wakati wa kufurahi ni upi.

Kilichowamaliza ni mahojiano. Mtangazaji alimuuliza Mluzi siri ya Kutu ni nini, akasema ni mashairi yake, ngoma hata mama anayetwanga anaweza kuzipiga. Nadhani alikuwa anatania, ndivyo alivyo. Siku hiyohiyo wakiwa jukwaani, katikati ya wimbo, binti yangu aliweka vijiti chini, akainuka, akaondoka, Mluzi akabaki anaimba kama mtu aliyeachwa na basi. Huu mwaka wa pili hawasemeshani.

Lakini wote ninao mimi. Binti yangu anaishi hapa. Mluzi naye analeta suruali. Kila baada ya wiki mbili suruali imefumuka, nami naona kabisa mshono haukufumuka, umekatwa kwa wembe, sijui mtu mzima anaharibu nguo zake kwa faida gani. Anakaa kwenye benchi ananiuliza, "Mama, mwanao bado ana kile kiburi?" Nikienda jikoni namkuta binti yangu aliyekuwa akiosha vyombo amefunga bomba, amesimama na sahani mkononi, povu limekauka, namgombeza kwamba kwa mwendo huo kazi haziishi. Ananijibu, "Mwambie suruali zake apeleke kwa fundi mwingine." Habari ya wembe sijawahi kumwambia, angemcheka.

Sasa prodyuza aliyewarekodi mwanzo anataka albamu mpya. Mpiga besi amekubali, ila akasema hao wawili wasemeshane kwanza, yeye hawezi kukaa tena katikati kama ukuta. Mluzi akaja na suruali, nikamweleza, akasema, "Mwambie aje aniombe msamaha, alinivua nguo mbele za watu." Nikaingia jikoni nikasema, "Anasema alikukosea kule redioni, anajuta." Binti yangu akaweka sahani chini, akasema, "Aje aseme mwenyewe." Nikatoka nikamwambia Mluzi, "Anasema hakupaswa kukuacha jukwaani, zilikuwa hasira." Akaniangalia, akapiga mluzi kidogo, akaondoka, suruali akaisahau kwenye benchi.

Tangu hapo nyumba ina furaha inayonitia homa. Ngoma zimeshushwa, binti yangu anapiga vidole mezani tunapokula, na mimi silali vizuri, nimejichoma sindano mara tatu wiki hii. Jumamosi watakuwa chumba kilekile, prodyuza yupo, mpiga besi yupo, na kila mmoja anangoja mwenzake arudie maneno ambayo hakuyasema. Jana binti yangu alinishika bega akasema, "Mama, katika mambo yote ya hii bendi, wewe tu ndiye hujawahi kunidanganya." Nikajifanya natafuta kifungo sakafuni.

Nikisema ukweli bendi inakufa na mwanangu ataniona mwongo. Nikinyamaza wataumbuana mbele ya watu na lawama zitarudi kwangu palepale. Nifanye nini?

Mama wa Mpiga Ngoma

*

Mama yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikatamani kukuvuta sikio. Umewaombea radhi watu wawili wenye midomo yao, na mmoja midomo ndiyo kazi yake. Najua ulitaka heri. Hata hivyo ulikosea, na usijitafutie utetezi.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umesema kati ya chumba cha kushonea na jikoni kuna pazia tu. Umesema kila ukiingia unakuta bomba limefungwa. Mtu mwenye sahani ya povu mkononi anafunga bomba ili asikie, mama. Binti yako alimsikia Mluzi akidai aombwe msamaha, kisha akakuona unaingia na maneno mengine kabisa. Na Mluzi pale kwenye benchi, unadhani hakusikia "aje aseme mwenyewe"? Hao ni watu wanaokula kwa masikio yao. Kama nimekosea, ushauri wangu haubadiliki. Lakini mimi nadhani wanajua, na pamoja na kujua, ngoma zimeshushwa. Waliupokea uongo wako kwa sababu kila mmoja alitaka kurudi bila kuonekana ameshindwa.

Na yale maneno aliyokuambia alipokushika bega? Mwanao alikupa nafasi ya kusema, wewe ukainama kutafuta kifungo.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Miaka yote hiyo ya kushona, umeona mshono umekatwa kwa wembe ukashangaa mtu anaharibu nguo. Huyo alikuwa anatafuta sababu ya kuja. Ujumbe wa kweli ulikuwa mikononi mwako kila wiki mbili, ukaushona ukamrudishia mwenyewe.

Leo hii, kabla vyombo havijaoshwa, mwambie binti yako: "Mluzi hakuomba radhi, yale niliyasema mimi." Usitangulize machozi. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Halafu mwonyeshe ile suruali iliyosahauliwa, aushike huo mshono kwa mkono wake. Mluzi naye mwite, mwambie ukweli uleule, na umweleze habari ya bomba. Suruali mrudishie hivyohivyo bila kushonwa, akitaka kuja kwako siku nyingine aje bila mzigo. Kuanzia hapo ukitumwa ujumbe, kataa. Jikoni ni hatua tatu, aende mwenyewe.

Watagombana? Huenda, ndiyo tabia yao. Wakivunjika tena, magunia ya vitambaa unayo.

Ila Jumamosi usijifiche jikoni ukitetemeka. Asubuhi toa hilo pazia ulifue. Saa nne uwe umeshakaa kwenye cherehani, na kazi ndefu mbele yako, shuka au mapazia ya mtu, na wakianza kuingia kanyaga tu. Hata wakinyamaza, hata wakipaza sauti, usisimamishe. Mwanao alishakuambia anafuata nini.