Makaa Chupani

Kaka Shaame,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, niliiona kwa macho yangu pale mchangani, na ndiyo iliyonizuia kukuandikia miaka yote hii kumi. Yangu ni hii: nina hasira, na leo nimeamua kuzimwaga zote hapa kabla sijapanda boti kesho asubuhi kwenda Pemba kwa mama yako.

Wiki tatu zilizopita alikuja hapa kituo cha utafiti wa bahari mtu mwembamba aliyevaa kofia ya viua, ile ya kudariziwa kwa mkono, akauliza kama mimi ndiye Mwanahamisi aliyekuwa akifanya kazi na Shaame. Alikuwa binamu yako Khamis. Siku hizi biashara imefunguliwa, wanakuja Tanga kuchukua marobota ya mitumba na kurudi nayo kisiwani bila kufukuzana na mtu. Nikamkaribisha, nikampa chai, nikamuuliza habari za mama yako. Akatazama kikombe. Akaniambia mama yako hajakusomea hitma hata moja. "Kasema mwanangu kaua mwanamke wa watu kwa baruti, naye kauawa, yamekwisha. Asitajwe nyumbani kwangu." Hivyo ndivyo alivyosema, na hivyo ndivyo unavyolala huko uliko, bila hata Fatiha ya mama.

Nilitaka kumwambia Khamis ukweli palepale. Nikafungua mdomo, nikamuuliza kama chai imemtosha sukari. Unanijua mimi, kwa maneno sishindwi na mtu Chumbageni nzima. Siku ile nilishindwa.

Basi nianze mwanzo, maana nimeanzia mwishoni.

Nililetwa kwako nimemaliza kidato cha nne, kazi yangu kuosha vyombo vya maabara. Sabuni hakuna, nikaosha kwa majivu. Karatasi hakuna, tukaandika nyuma ya fomu kuukuu za mashamba ya mkonge. Wataalamu wenzako wote walikuwa wameshatafuta riziki kwingine, umebaki wewe na hadubini yenye ufa. Wavu wa planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, ulipotoboka niliutia kiraka cha mtandio wa shangazi yangu wa harusini, na mpaka leo shangazi anamshuku wifi yake. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukasema Mdigo akiiba, anaibia sayansi. Nami nikakujibu kwamba Mpemba hata akipewa bahari nzima ataihesabu tone moja moja kama karafuu.

Na ndivyo ulivyofanya. Kilichobaki chini ya wavu kilikuwa uji wa kahawia, na mimi nilidhani ni uchafu. Ukaniinamisha kwenye hadubini. Ukanionyesha vijimea visivyoonekana kwa jicho, vinavyovuta kaboni iliyoingia majini kutoka hewani na kunenepa kwa jua. Vidudu vinakuja kuvila. Vidudu vinakunya, na mavi yao yanazama na kaboni yake mpaka kilindini, huko ikae miaka na miaka. "Dunia inapumua kwa mavi ya vidudu, Mwanahamisi, usiyadharau." Ukachora visanduku vitano ukaviunganisha kwa mishale: hewa, vijimea, vidudu, wafu, kilindi. Kila mshale ulitaka namba, na namba tulizifuata baharini kila bamvua, maji makubwa ya mwezi, kisha tukazidisha na kugawa kwa mkono kwa sababu kikokotoo chako kilikula betri ambazo duka la ushirika halijaziona tangu vita. Siku moja nilikuuliza kwa nini mshale wa wanaojifia wenyewe ni mwembamba hivyo. Ukanitazama kana kwamba nimeuliza la kitoto. "Baharini hakuna anayefia kitandani. Huku ni kuliwa tu."

Mabomu ya wavuvi wa baruti tulikuwa tunayasikia. Uko mashuani umeshika kamba ya wavu, mara mbao zinakupiga nyayoni, halafu ndio mlio unafika. Tukienda tunakuta samaki wanaelea matumbo juu, macho yametoka, matumbawe yamesagika. Ulikuwa unatukana matusi ya Kipemba ambayo sikuyaelewa, na nilifurahi kutoyaelewa. Ulisema wale watu wanaua nyumba na waliomo.

Sasa nifike kwenye neno.

Kila tulipotua wavuvi walituuliza tunatafuta nini. Ukiwaambia kaboni wanacheka. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani alituuliza kama tunazo kaboni za kupigia chapa, atanunua. Nikakwambia, kaka Shaame, unaongea kama redio. Sema makaa. Hewa ina makaa, bahari inayameza, vidudu vinayazamisha. Kila nyumba ina makaa, kila mtu ataelewa. Hukupenda. Ulisema makaa si neno lake hasa. Nilibisha siku mbili, nikakuzomea, nikakuita msomi wa vitabuni, mpaka ukasalimu amri. "Haya, nyie Wadigo ndio wenye pwani." Tangu siku hiyo ukawa unasema makaa ya bahari, na kweli watu wakaacha kucheka.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Hawasemi kwamba mdomo wangu unaweza kuponza kichwa chako.

Ile asubuhi mashine ya mashua ilizimika tukiwa kusini ya Pangani, tukajivuta mpaka kijiji ambacho sikitaji, kina watoto ambao siku ile hawakuwa wamezaliwa. Nikaenda kisimani kuomba maji ya kunywa. Wewe ukakaa mchangani na kikapu cha chupa. Zikumbuke zile chupa, kaka. Chupa za sampuli tulikuwa hatuna, tukatumia za bia. Vifuniko hatuna, tukaziba kwa mpira wa baiskeli. Ayodini ya kuhifadhia uji wetu iligeuza maji yakawa rangi ya chai ya mkandaa, wekundu wa magome ya mikoko. Na kila chupa nilikuwa nimeifunga kamba ya katani shingoni ili kuning'iniza kikaratasi cha namba, na vikaratasi vikalowa vikadondoka, zikabaki kamba zimechomoza kama tambi za baruti.

Hatukujua kwamba jana yake walikuwa wamezika. Mwanamke wao, Mwanaisha, alikuwa mwambani akichokoa pweza maji yalipotoka, na wapiga baruti wakatupa karibu naye. Walimzika bila mguu mmoja. Hayo niliambiwa baadaye.

Nilimwona mwanamume mrefu anakusogelea, na wengine nyuma yake. Huyo alikuwa Mbwana, kaka wa marehemu. Nilimsikia vizuri, kisima hakikuwa mbali. "Mna n'ni humo?" Na nikakusikia wewe, kwa ile sauti yako ya adabu, sauti ya mgeni anayetaka kueleweka: "Makaa. Makaa ya bahari, na dawa kidogo."

Kule kila nyumba ina mtu anayewinda nguruwe kwa gobole. Hata mtoto anajua baruti inaanzia wapi: unatwanga makaa. Mimi mwenye pwani sikulifikiria hilo hata siku moja.

Kafi la kwanza lilikupata sikioni. Nilisikia mfupa. Ukaanguka juu ya kikapu, na badala ya kukinga kichwa ukazikumbatia chupa, ulikuwa unakinga chupa! Mpumbavu we. Hata leo nikikumbuka natamani kukuchapa. Wakaja na mipondo ya kusukumia mitumbwi, wakaja na mawe, mwanamke mmoja akaja na mchi wa kinu bado una unga. Walikuwa wanataja jina la Mwanaisha kila wanapopiga. Damu yako ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani mtu mwembamba kama wewe anaweza kuwa nayo. Nilikimbia nikipiga kelele si baruti, ni maji, ni maji jamani, na sijui kama hata mmoja alinisikia. Mama mmoja mnene akanidaka, akaniangusha, akanilalia. Akaniambia sikioni, "Nyamaza mwanangu, watakuua na wewe."

Nikanyamaza. Uso wangu ulikuwa mchangani, nikasikiliza mpaka mlio ukabadilika, ukawa mlio wa kupiga kitu kisicho na mtu ndani.

Sijanyanyuka tangu siku ile, kaka Shaame, ndivyo ninavyoona. Polisi waliponiuliza nilisema sijui walikosana nini. Watu wa kituo waliponiuliza nilisema nilikuwa kisimani. Kijiji kikasema tumeua mpiga baruti, yule yule aliyemuua dada yetu, na maneno hayo yakapanda boti yakafika Pemba kabla ya jeneza lako. Ningeweza kuyazuia kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ilianza na neno langu, na nilijipenda kuliko nilivyokupenda. Nimelisema. Limenichoma ulimi lakini nimelisema.

Kazini mambo yamebadilika, utapenda kusikia. Mimi ndiye ninayeongoza uchukuaji wa sampuli sasa. Chupa ni za plastiki, zina vifuniko vyake na namba zimechapwa ubavuni. Kila nikifungua boksi jipya nahesabu vifuniko kwanza. Mwaka huu amekuja mtaalamu mgeni na kompyuta. Akachora visanduku na mishale, vilevile, nikatoka nje kulia. Niliporudi nikamletea daftari zako za nyuma ya fomu za mkonge. Ameziingiza namba zako zote, anasema kwa miaka ile mibaya pwani yote hii hakuna mwingine aliyepima. Jina lako ameliandika juu, la kwanza. Nilimwambia modeli yake haina mshale wa baruti. Akaniuliza ataupimaje. Nikamwambia hilo atajua mwenyewe, lakini auchore.

Khamis alipoondoka nilikaa siku mbili bila kula vizuri, siku ya tatu nikaenda kile kijiji.

Mbwana yupo. Amezeeka vibaya, meno ya mbele hana. Nilimkuta anashona jarife, wavu wa papa, uwanjani kwake, nikamwamkia shikamoo, na ile marahaba yake ilinitia chuki. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia lile neno, la nani, lilitoka wapi, maana yake nini. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilidhani namletea habari. Nilidhani atashika kichwa.

Aliendelea kushona. Halafu akasema, "Tulijua." Akaniambia walipokwisha kunibeba mimi, yeye mwenyewe alizipasua zile chupa juu ya jiwe, moja baada ya nyingine, watu wamejificha nyuma ya minazi wakingoja mlipuko. Ya kwanza maji. Ya pili maji. Alizipasua zote kwa sababu alikuwa akiomba moja tu ilipuke. Haikulipuka hata moja. Wakakaa kikao siku ile ile, wakakubaliana kusema ni mpiga baruti, maana kijiji hakiwezi kuishi na lile jingine.

Nilimpiga, kaka. Mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nilimpiga kofi mzee aliyekaa kwenye kigoda, jarife likamdondoka. Nikampiga la pili. Mkewe akatoka jikoni na mwiko, Mbwana akamwashiria arudi. Na mimi, badala ya kusikia nafuu, nikaona aibu kubwa, kwa sababu alinitazama kwa macho ninayoyaona kila asubuhi kwenye kioo changu. Sisi wawili tumekula kiapo kimoja bila kukutana. Tena sikumsamehe. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekuwa mtu mwema.

Nilimwambia nakwenda Pemba kwa mama yako, na kwamba anakwenda nami. Akauliza, "Nikamwambie n'ni?" Nikamwambia aseme alichokikuta ndani ya zile chupa, basi. Akaokota jarife lake. Akasema atakuja bandarini Tanga siku ya boti. Sijui. Mtu anaweza kuahidi mengi mkewe akiwa amemsimamia na mwiko. Akija tutakwenda wawili, muuaji wako na mwenye neno. Asipokuja nitakwenda peke yangu na nitayasema ya wote wawili.

Kaka Shaame, nimechoka na mkono unaniuma. Lala. Nakuahidi hivi: nitaingia kwa mama yako, nitamwamkia, na kabla hajanikaribisha kiti nitamwambia mwanao hakuua mtu, alikufa amekumbatia maji. Nitamweleza lile neno na aliyekupa. Nitabaki Pemba mpaka hitma yako isomwe nyumbani kwake, jina lako litajwe kwa sauti mbele ya majirani, hata kama mimi itabidi nikae nje ya uzio.

Na mama yako akiinua mkono, sitaukinga.

Mwanahamisi