Tangi Nililomtengenezea Mama

Baba,

Tangu tukuzike nimekuwa nikiogopa kukuandikia, kwa sababu najua la kwanza ungeniuliza ni kazi. Banda letu la kufua bati kule Kitale lilifungwa. Siku hizi watu wananunua matangi ya plastiki. Nilibeba nyundo yako ya mti na kile kipande cha reli cha kugongea bati, nikarudi nyumbani Bungoma kwa Mama.

Mama akaniomba tangi la maji ya mvua. Ati watu waone bado kuna fundi kwa hii boma. Maungio yalikubali, Baba. Nilikunja kingo mbili zikashikana kama vidole, nikazigonga zikalala, nikapitisha lehemu bila kuacha tundu. Lakini waya wa kukunjia mdomo uliniishia, nikauacha wazi bila kukunja. Na ile mifereji uliyokuwa ukigonga kuzunguka tumbo ili bati lisimame imara, niliiruka. Nilichoka. Nilitaka kumaliza kabla ya mvua. Si uliniambia kila siku, "Naliaka, bati lisilokunjwa ni karatasi tu"? Nilikusikia hapo hapo. Nikaendelea.

Lilipojaa mara ya kwanza, Mama aliligusa akauliza, "Hii si imevimba, mwanangu?"

Nikamwambia, "Wacha wasiwasi, Mama. Baba ndiye alinifundisha."

Nilitumia jina lako.

Asubuhi iliyofuata Mama alikuwa ameinama kando ya tangi akiosha sufuria. Tumbo la tangi likapasuka, likamwangukia na maji yake yote. Nyonga ilivunjika. Daktari anasema hatatembea tena. Na hanilaumu, Baba. Anawaambia wageni ati mvua ilizidi. Hiyo ndiyo inaniua. Afadhali angenitukana.

Hakuna anayeniletea kazi, na hata angeleta, nikishika bati naliweka chini. Nimeomba. Nimelia. Sioni mahali pa kutokea.

Siwezi kukuahidi kwamba nitarudi kazini, nitakuwa nakudanganya. Ninachoweza ni hiki: kila asubuhi nitambeba Mama nimtoe nje aote jua. Na Jumapili, watu wa kanisa wakija kumwona, akianza tena habari ya mvua, nitamkatiza, niseme mbele yao ni mimi.

Kwaheri, Baba. Wewe pumzika.

Binti yako,
Naliaka