Mzee wa Karai na Dada wa Mkono

Kwa kumkumbuka baba yetu, Machuki Onchiri, fundi wa karai wa Macalder, aliyetutoka Juni 1997

Mwaka umetimia, Tata, tangu nyundo yako inyamaze pale sokoni Macalder. Wachimba dhahabu bado wanapita kwenye kibanda chetu na karai zao zilizotoboka, wanachungulia ndani kukutafuta, halafu wanakumbuka. Wengine huketi kidogo kwenye benchi lako kabla ya kwenda mtoni. Mwanao Jared anaziba matundu kama ulivyomfundisha, lakini haimbi akifanya kazi, na wateja wanamtania kwamba ndiyo maana kazi yake haidumu kama yako.

Ulitoka Kisii ukiwa kijana, na nyundo moja na koti moja. Kijaluo ulijifunza kwa wateja, na Kiswahili ukajifunza kwa wateja hao hao, ndiyo maana lugha zote mbili ulizisema kwa sauti ya mtu anayeuza. Ulipenda uji wa wimbi uliochachuka vizuri. Ulipenda Sabato na shati lako jeupe, na kuimba kanisani ukiwa mbele ya wengine kwa mstari mzima. Mgonjwa akipita kwa machela, uliacha kazi ukaenda kushika upande mmoja, hata kama humjui. Na ulipenda ajua, bao la Wajaluo la mashimo na kete.

Ndiyo, Tata, tutaizungumza ile ajua. Binti yako Orpah ametuomba tuizungumze.

Siku ile ulikuwa juu ya paa la zahanati yetu ukiziba mabati. Chini yako Mogaka, nesi wetu, alikuwa akiongea na Mirumbe, mhudumu wa zahanati ya Magunga, kwa redio kolu, ile redio ya maiki ambayo unabonyeza kitufe ukitaka kusema, unamaliza na "ova", na kukiachia ukitaka kusikia. Mirumbe alikuwa akilalamika kwamba friji ya chanjo imekufa, na akina mama wanatembea kutoka Lambwe na watoto mgongoni kisha wanarudi hivyo hivyo. Ulishuka ngazi haraka hadi Mogaka akadhani umeanguka.

"Tucheze ajua," ulisema.

"Mzee, watu wanalia na wewe unataka kucheza?"

"Tucheze na Magunga, kwa hiyo redio yako. Mashimo yana hesabu. Nikisema shimo la nne, si ni la nne hata huko kwao?"

Ukaeleza ukiwa bado na misumari mdomoni. Kila zahanati itaweka ubao wake uwanjani. Wa Macalder watacheza safu yao, wa Magunga yao, na kila upande utakuwa na mtu mmoja wa kusogeza kete za wale wasioonekana. Huyo ukamwita mkono. Atakayeleta kuku, debe la mahindi au kikapu cha samaki cha kuuzwa kwa ajili ya friji atapewa maiki aseme shimo moja, yeye mwenyewe, na huko ng'ambo wamsikie. Watu walikucheka. Kisha wakaanza kuuliza kama bata anakubaliwa.

Orpah, mtoto wako wa mwisho, alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni karibu na Magunga. Wewe ndiye uliyemfundisha ajua, kwenye mashimo uliyochimba ardhini nyuma ya kibanda. Shuleni alijulikana kwa mambo mawili: kwamba hakuna anayemshinda ajua, na kwamba baba yake ni mfanyabiashara. Hilo la pili alilisema bila kuongeza neno, akawaacha wenzake wafikirie duka na gari. Jumapili ya mchezo wanafunzi walipopelekwa zahanati kutazama, mwalimu alimchagua yeye awe mkono wetu upande wa Magunga.

Akaketi mbele ya ubao, na wenzake wamemzunguka, sauti yako ikatoka redioni.

"Magunga! Tunawasikia kama mko hapa sebuleni! Fungeni milango, tunakuja kula kete zenu! Ova!" Na karai ikapigwa mara kadhaa karibu na maiki hadi Mirumbe akajishika sikio.

"Mzee, hizo kelele ni za karai ama ni za tumbo? Ova."

"Ni tumbo, Mirumbe! Limesikia mna kuku wengi! Ova!"

Wasichana walicheka hadi wakashikana mabega. Orpah alitazama ubao. Kiswahili chako cha sokoni, ule mlio wa karai, jinsi ulivyosema "ova" kama mtu anayefukuza ng'ombe, vyote alivijua kama anavyojua mlango wa nyumbani, na kila kimoja kilimchoma.

Kila baada ya zamu chache, mkono alitakiwa kusoma kete za kila shimo ili mbao mbili zisitofautiane. Orpah akapewa maiki, akasoma kwa sauti ndogo. Alipoachia kitufe, ulikuwa tayari unapiga kelele.

"Sauti hiyo mimi naijua! Hiyo naijua kabisa! Rudia, rudia tena nisikie! Ova!"

Vichwa vyote viligeuka. Orpah akabonyeza ili arudie, na hapo Phanice, rafiki yake wa kitanda cha jirani, akainama begani kwake.

"Wee Orpah, si nyinyi ni wa Macalder? Huyo mzee wa karai ni nani yako?"

"Nani, huyo? Mimi simjui. Ni kichaa tu wa sokoni."

Ndipo akaona kidole chake bado kimekaa juu ya kitufe.

Huku Macalder uwanja wote ulisikia. Mama alikuwa mbele ya foleni, jogoo kwapani, akingoja zamu yake. Mogaka aliinama akaanza kuchezea nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Hakuna aliyekutazama, Tata, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Lete hiyo kitu hapa," Mama alisema. "Leo atanijua mimi ni nani."

Ulihamisha maiki mkono wa pili, mbali naye. "Wacha, mama Jared. Usimwaibishe mtoto mbele ya wenzake."

Ukabonyeza. Sauti yako ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Magunga, tumepata. Nilidhani ni mtu ninayemjua, kumbe nimekosea, masikio yamezeeka. Samahani, dada wa mkono. Unasoma vizuri. Sasa kuna mama hapa ana jogoo, anasema shimo la sita. Ova."

Mama hakuwa amesema shimo lolote.

Mchezo uliendelea hadi jua likaegemea. Uliita mashimo, ukataniana na wazee wa Magunga, na kila ulipomtaja yule anayesogeza kete zetu ulimwita dada wa mkono. Ila karai hukuipiga tena. Mirumbe akauliza, "Macalder, karai imetoboka? Ova."

"Inapumzika. Ova."

Orpah anasema hajawahi kusikia kelele kubwa kuliko ile karai isiyopigwa.

Walitufunga, lakini vitu vilivyoletwa vilijaza ua wa zahanati zote mbili, na friji ikanunuliwa. Magunga wakafanya sherehe ya kuipokea, wakakualika uketi mbele na wageni, kwa sababu wazo lilikuwa lako. Mama alipiga koti lako pasi. Asubuhi ile ulivaa kaptura ya kazi.

"Karai ni nyingi wiki hii," ulisema. "Jared ataenda."

"Machuki, ni wewe wameita. Shule yote itakuwa pale kuimba."

"Najua shule itakuwa pale."

Mama alilikunja koti akalirudisha sandukuni. Jared alikwenda na karai mpya uliyoitengeneza ya kuogeshea watoto wachanga. Ukabaki kibandani ukiziba matundu ambayo yangeweza kungoja, na ile friji hukuiona hata siku moja.

Orpah alikuwa kwenye kwaya. Alitazama safu ya wageni, akamwona Jared, akaona kiti kilicho wazi karibu yake, akashusha pumzi. Alifurahi kwamba hukuja. Lile neno la redioni lilimtoka kabla hajafikiri, Tata, lakini ile furaha ilikaa naye wimbo mzima, na aliimba vizuri. Hiyo ndiyo inayomuinamisha kichwa mpaka leo.

Aliporudi likizo alingoja umkemee. Uliita kutoka kibandani kama siku zote, "Mwanafunzi amefika! Mpeni maziwa!" Alikuletea maji ya kunawa hata mikono yako ilipokuwa safi. Alifua shati lako la Sabato mara mbili. Mara moja tu alijaribu, akiwa amekushikia karai uliyokuwa ukiiziba.

"Tata, ile siku ya ajua..."

"Shika vizuri, isicheze."

Ukagonga. Ulipomaliza ukainua karai kuelekea jua, ukaitazama kama kuna mwanga unaopita, ukaiweka chini. "Hii imekwisha. Lete ingine." Naye akaleta ingine. Alijiambia kwamba likizo ijayo atasema yote.

Juni ilipofika tumbo lilikushika, ukalala zahanati. Mogaka alipoona hali imebadilika, alikuuliza kama aite shuleni.

"Waambie Magunga wamwite yule dada wa mkono."

"Mzee, si niseme tu ni binti yako?"

"Sema dada wa mkono. Mirumbe ataelewa."

Mirumbe alifika shuleni kwa baiskeli, akasimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi. "Namtafuta dada wa mkono. Yule mzee wa karai wa Macalder anamwita redioni." Wanafunzi walitazamana. Orpah akasimama. Phanice akamnong'oneza, "Si ulisema humjui?" Alipita katikati ya madawati bila kujibu, na hilo pia analihesabu.

Redioni alibonyeza kitufe kwa vidole viwili. "Tata, ni mimi, Orpah. Ova."

Aliyejibu alikuwa Mogaka. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka na wewe kuelekea hospitali kubwa. "Nitamwambia akirudi, Orpah. Ova."

Hukurudi, Tata.

Na sisi wengine tuna aibu yetu. Tuliokuwa uwanjani siku ile tulisikia yote, tukakuacha uyabebe peke yako. Mama alinyamaza kwa sababu ulimnyamazisha. Jared alinyamaza kwa sababu yeye pia, akiwa shule, alikuwa akipita mbali na kibanda akiwa na wenzake. Hukumuuliza kwa nini. Ulimwachia chai iliyofunikwa tu.

Jumapili ijayo, baada ya ibada za Wakatoliki, Macalder na Magunga watacheza tena ajua. Safari hii ni kwa ajili ya machela na vitanda vya zahanati yetu, ulikolala. Kuku na mabata wamekwisha kuahidiwa. Jared atakuwa Macalder na karai yako. Magunga wamemwomba Orpah awe mkono kama mwanzo, naye amekubali. Wasichana wa shule wataletwa kutazama, na Phanice amesema atakuja.

Kabla ya shimo la kwanza kutajwa, Orpah atashika maiki aseme: "Macalder, hapa Magunga. Mimi ni Orpah, binti wa Machuki, mzee wa karai. Ova." Ametuomba tuyaandike maneno hayo hapa mapema, watu wayasome, ili siku hiyo asipate pa kurudi nyuma. Akishaachia kitufe, Jared atapiga karai kama ulivyokuwa ukipiga, karibu kabisa na maiki, na Mirumbe avumilie.

Tunaokukumbuka ni mkeo Jerusha, mwanao Jared na mkweo Mokeira, ndugu yako Ombui wa Kisii, Mogaka na wote wa zahanati, Mirumbe wa Magunga, wachimbaji wa Macalder, na Orpah, binti yako, anayekujua.

Siku zetu zote tutakukumbuka, Tata.