Kura ya Kengele

Mowlem, Nairobi
6 Desemba 2020

Kaka Kweyu,

Pokea salamu zangu na za majirani wote wa ploti, hata za yule mama wa mahamri anayeshikilia kwamba ulimwahidi saa ya dhahabu siku ulipopanda ndege. Maumivu ya mgongo yamekuachia? Na zamu za usiku wamekupunguzia? Namwomba Mungu barua hii ikukute una nguvu, maana habari nilizo nazo si nyepesi.

Uliniuliza kwa simu kwa nini Baba hazungumzi nawe zaidi ya maneno mawili, nami nikakudanganya kwamba ana mafua. Nyumba yetu unaijua, na masikio ya Baba unayajua. Siwezi kusema neno humu ndani asilisikie. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na Mukhwana, ambaye anarudi kazini huko Doha wiki ijayo, amekubali kunibebea.

Kwanza Magan amefariki. Najua utakuwa umekaa chini. Nami nilikaa.

Unakumbuka Baba alipopofuka alivyosema habari za baiskeli zimekwisha. Ni Magan, rafiki yake wa tangu kiwandani huko mtaa wa Baba Dogo, aliyechukua baiskeli mbili kuukuu akaziunganisha kwa fundi ikawa moja ya watu wawili, yeye mbele akishika usukani, Baba nyuma. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walitoka na chama chetu cha baiskeli hadi Tala na kurudi. Magan akitangazia watu kwamba Makokha hakanyagi pedali, amebebwa tu kama mkungu wa ndizi, na Baba akimjibu kwamba mtu wa Busia hafundishwi baiskeli na mtu wa ngamia. Basi ndivyo walivyopendana.

Unakumbuka pia kura zetu. Kwa kuwa Baba, mwenyekiti wetu, haoni mikono ikiinuliwa, tulizoea kupiga kengele za baiskeli. Wanaokubali wanapiga, kisha wanaokataa wanapiga, Baba anasikiliza na kutangaza. Hakuna aliyewahi kumbishia, kwa sababu kengele ya kila mtu anaijua.

Corona ilipoingia tulisimamisha misafara. Oktoba watu wakachoka. Tukakutana uwanjani, barakoa usoni, kila mtu kando ya baiskeli yake. Bwire ndiye aliyeanza. Alisema, "Wasee, kazi hakuna, kanisa ni nusu, sasa hata barabara tumenyimwa?" Mbinya, anayefagia wodi hospitalini, akatusihi tungoje, akasema wagonjwa wanaongezeka tena na sisi hatuyaoni anayoyaona yeye. Tukabishana sana. Mwishowe ukapatikana mpango: tuachane mbali barabarani, kila mtu abebe maji yake, na chai ya Tala tusinywe. Nikadhani tumemaliza, hadi mtu akauliza, je, Mzee na Magan wataachanaje?

Watu wakatazama chini. Lazima nikwambie kwamba mwezi wa Mei, Eastleigh, mtaa wa akina Magan na Wasomali wenzake, ilipofungwa, wako wenzetu waliosema, Magan mwenyewe akisikia, kwamba ugonjwa unatoka kwao. Alicheka siku ile, lakini kicheko chake sikukipenda. Sasa akasimama karibu na Baba akasema, "Mimi naangalia mbele, yeye yuko nyuma yangu. Hiyo corona itapitia wapi?" Watu wakacheka, na Baba akaitisha kura.

Wanaotaka msafara wakapiga. Wasiotaka wakapiga. Mimi nilipiga pamoja na Mbinya, na moyoni nilijua tumeshindwa, ingawa si kwa mbali. Baba akainamisha kichwa kidogo, kisha akatangaza kwamba wanaokataa ni wengi, hakuna msafara. Bwire alinung'unika lakini hakuna aliyediriki kusema Mzee Makokha amekosea kusikia. Magan alimuuliza taratibu kama ana uhakika. Baba akajibu kwamba amesikia alichosikia. Magan akaikokota baiskeli yao akaondoka nayo, na tangu siku hiyo hakupiga simu tena. Baba naye hakumpigia. Wazee wawili wakawekeana ngumu kama watoto waliogombania mpira.

Mwezi uliopita Magan akaugua kifua, wakampeleka hospitali, na hakutoka. Alizikwa siku hiyo hiyo, watu wachache tu wakiruhusiwa, na Baba hakuwa mmoja wao. Tulipata habari akiwa tayari kaburini.

Jioni ile Baba aliniita nikae karibu naye. Akaniambia kura ya msafara ilishinda, na kwamba yeye alisema uongo. Magan alipokuja kusimama kando yake pale uwanjani, alimsikia anavyovuta pumzi. Magan alikuwa na pumu, Kweyu, na hatukujua. Baba aliijua kwa kukaa nyuma ya mgongo wake miaka yote ile, akimsikia kwenye kila mlima, na hakumwambia mtu kwa sababu Magan mwenyewe alikuwa akiificha. Siku ile pumzi ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Baba akaona akimkanya mbele ya watu atamwaibisha, na msafara ukitoka Magan hatakubali kumwacha Baba bila wa kumwendesha. Ndipo akabadilisha matokeo. Alinuia kumweleza Krismasi wakila pilau kwa Ambaro, mkewe Magan, wacheke yaishe. Alilia, kaka. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku tulipomzika Mama.

Kuna jambo lingine ambalo Baba halijui, na ndilo linaloninyima usingizi.

Wiki iliyopita nilikwenda Eastleigh kumpa Ambaro pole. Mama wa watu alinipokea vizuri, akanipa chai. Kisha akaniuliza kama kweli Mzee Makokha naye aliogopa ugonjwa wa watu wa Eastleigh. Alisema Magan aliihesabu kura ile mwenyewe, akajua msafara umeshinda, akarudi nyumbani akamwambia kwamba hata Makokha sasa hataki kukaa karibu naye. Alikufa akiamini hivyo.

Sikuweza kunyamaza. Nilimweleza yote, habari za pumzi, uongo, na pilau ya Krismasi. Nilidhani nampelekea faraja. Ambaro aliufunika uso kwa ushungi, kisha akasema, "Angemwambia tu. Mimi nilimsihi asiende msafarani, akanikatalia. Lakini neno moja la Makokha, Magan angekaa nyumbani." Nilirudi Mowlem nikamkuta Baba anauliza kama chai ya Ambaro bado ina iliki nyingi, nikamwambia ndiyo.

Sasa hivi ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia ni barua yako. Anakusalimu sana, na anasema mkataba wako ukiisha mwezi wa pili usikawie, kwa sababu anataka wewe, mtoto wake wa kiume, umshike mkono umpeleke kwa Ambaro, amwambie ukweli kwa kinywa chake. Anaamini Ambaro akishausikia, roho yake itatulia.

Nisaidie kufikiria la kufanya, Kweyu, maana mimi nimeshindwa. Jitunze kifua, vaa barakoa, na Mungu akulinde huko ulipo.

Ni mimi dadako akupendaye,
Millicent